Duka likifungwa Birere: kurudia biashara ileile au kubadilisha?

Aliyefunga duka la vitenge pale Birere, mtaa wa biashara mjini Goma, Kongo, ana njia mbili: arudie vitenge, au aingie kwenye biashara ya maharagi yanayotoka Masisi.

Akirudia, anajua rangi gani hulala rafuni na mteja gani hukopa halafu anapita njia nyingine. Mimi nilipofungua mara ya pili, daftari la madeni la zamani lilinisaidia kuliko mtaji. Ukurasa mzima wa majina, karibu wote majirani na watu wa kanisani! Safari hii nilikopesha wawili tu.

Akibadilisha, anaanza chini: kupima maharagi, kutambua yenye unyevu, kufuata hali ya barabara ya Sake inayoelekea Masisi. Kinachobaki ni mazoea ya kuuza kwa franka huku akihesabu faida kwa dola.

Mimi naangalia kwanza kilichoangusha duka. Aliyeunguliwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002 hakukosea hesabu. Arudie kazi yake. Aliyemalizwa na mikopo naye arudie, ila daftari liwe mezani. Wa kubadilisha ni yule ambaye wateja wenyewe wamekwisha.