Laptopu ya mtumba ya kupeleka Lamu: soma namba kwanza, bei baadaye

Muuzaji akikwambia "Core i5" hajakwambia kitu bado. Jina hilo la prosesa ya Intel, ubongo wa mashine, limekuwako tangu 2009. Taka namba nzima: i5-8350U ni ya kizazi cha 8, i5-6300U cha 6, i5-10210U cha 10. Kwa Intel, Windows 11 inakubali kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno za cha 7, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kizazi cha 6 anunue anayetia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows.

Kosa hili Lamu ni ghali. Mashine hupanda basi Mombasa, ikashuka Mokowe, ikavuka kwa boti. Kuirudisha ni safari nyingine.

Nafasi ya kwanza tunaipa Lenovo ThinkPad T480. Ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kazi) aina ya DDR4 na betri mbili: ndogo iko ndani, nyingine huchomolewa kwa nje bila bisibisi. Stima ikikatika, unabadilisha ya nje huku mashine ingali inawaka. Betri hiyo ya nje inaitwa 61, 61+ au 61++, yaani uwezo wa saa-wati (Wh) 24, 48 au 72. Betri ya T470 huingia, ya T460 haiingii hata uisukume vipi.

Igeuze usome lebo: 20L5 au 20L6 ndiyo T480. Ukikuta 20L7 au 20L8 hiyo ni T480s, nyembamba, betri yake iko ndani tu na sehemu ya RAM imeshikishwa kwenye bodi. Si mbovu, ila isiuzwe kwa jina la mwenzake. Ugonjwa wa T480 uko kwenye USB-C: programu ya zamani ya chipu ya Thunderbolt huliharibu tundu polepole mpaka likome kufanya kazi. Lenovo ilitoa dawa 2019. Jaribu chaja kwenye matundu yote mawili papo hapo dukani, kisha weka programu mpya kabla ya jambo lolote.

Ya pili ni HP EliteBook 840 G5. G3 ni kizazi cha 6, G4 cha 7, na kwa mbali wanafanana. Hata G5 nyingine zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7, kwa hiyo fungua msinfo32, ukurasa wa Windows unaotaja prosesa, uhakikishe. Iweke juu ya meza: ikiyumba, au padi ya kipanya imeinuka, betri imevimba.

Ya tatu, Dell Latitude 7490. Chaja yake ya pini ya duara ina kisindano katikati kinachoitambulisha kwa mashine. Kikivunjika, laptopu inawaka lakini inafanya kazi polepole na betri haijai, na mafundi wasiojua hukimbilia kubadilisha bodi. Jaribu chaja ya USB-C kabla ya kumlipa mtu.

Ya mwisho, MacBook Air ya 2017. A1466 iliyoandikwa chini yake ni ya tangu 2012 hadi 2017, haikuambii mwaka. RAM haiongezeki, na mfumo wake, macOS, unakomea toleo la Monterey.

Tableti hatutaki maneno mengi: iPad A1566 imekwama iPadOS 15, A1893 imekwama 17. Akaunti ya mwenyewe wa kwanza isipotolewa mbele yako, iache.

Kabla ya kulipa, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt ya Windows ulinganishe uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na inaojaza sasa. Chini ya asilimia 60, hesabu na bei ya betri mpya. Izime, iwashe ukibonyeza F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP au F2 kwa Dell ili ufungue mipangilio ya ndani (BIOS): ikiomba nywila, bado ina mwenyewe. Tazama na skrubu za chini. Kutu hapo, au ukijani ndani ya matundu, ni chumvi ya bahari iliyotangulia kuingia.

Lebo uipige picha. Fundi wa Mombasa atakayekutumia betri au RAM ataiomba hiyo kwanza, na kitu cha namba nyingine kikishavuka Mokowe ni chako.