Kulipa kwa simu sawa, lakini ankara yangu naitaka kamili: uzoefu wangu katika nyumba ya wapangaji

Nasimamia nyumba ya familia katika mji mmoja wa mkoani hapa Tanzania. Ina wapangaji wa mbele na wa uani. Umeme ni wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, mita mbili, na maji ni dira (mita ya maji) moja kwa nyumba nzima. Kwa hiyo bili zinazopita mikononi mwangu ni nyingi kuliko za mtu anayeishi na familia yake peke yake, na kila shilingi ninayolipa kuna mtu atakayeniuliza imetoka wapi. Nimeishi na ankara za karatasi kwa miaka mingi, na sasa naishi na za kwenye simu. Maoni yangu ni haya: kulipa kwa simu ni huduma nzuri sana na sitaki irudi nyuma hata hatua moja. Ila ankara yenyewe, yaani ule mchanganuo unaokuonyesha deni limefikaje hapo, imepungua thamani tangu ilipohamia kwenye simu, na hilo linaniuma kwa sababu lingeweza kuzuilika.

Nianze na kulipa. Anayekumbuka foleni za mwisho wa mwezi kwenye kaunta za maji anajua ninachosema. Unafika asubuhi na karatasi yako, unakuta watu wameshajaa kwenye benchi, mtandao haupo, mhasibu mmoja anahudumia mtaa mzima. Kibaya zaidi, ulipaji wa kaunta ulikuwa hauonekani mara moja upande wa pili. Ungeweza kulipa Ijumaa mchana, halafu Jumatatu vijana wa kukata maji wakaja na orodha iliyochapwa kabla hujalipa. Hapo unatoa risiti, unaeleza, unabembeleza. Asiyekuwa na risiti mkononi alikatiwa, na kurudishiwa huduma nako kulikuwa na ada yake.

Mambo yalibadilika serikali ilipoanzisha mfumo wake wa malipo wa GePG mwaka 2017. Sasa kila deni la taasisi ya umma lina namba ya kumbukumbu ya tarakimu 12, ile tunayoiita kontrol namba. Ukishakuwa nayo unalipa popote unapotaka: M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, programu ya benki, au kwa wakala wa benki pale dukani kwa wasiopenda kubonyeza wenyewe. Fedha inakwenda moja kwa moja kwa taasisi husika, haipiti kwenye droo ya mtu. Ujumbe wa uthibitisho unaingia papo hapo. Nalipa usiku nikiwa nimeshafunga hesabu za siku, nalipa nikiwa safarini ndani ya basi. Tangu nianze kulipa hivi, sijawahi kubishana na mtu wa kukata maji kuhusu kama nimelipa au sijalipa. Kwa hili peke yake ningeipa huduma alama zote.

Kuna na faida ya walio mbali. Mama yangu yuko mkoa mwingine, na umeme wake namnunulia mimi. Naingiza namba ya mita yake kwenye simu yangu, nalipa, tarakimu 20 zinakuja kwangu, namtumia. Akiwa hana miwani karibu nampigia namsomea nne nne, yeye anabonyeza kwenye mita huku akizirudia kwa sauti. Zamani ilibidi nimtumie fedha, amtafute kijana wa kumtuma kituoni, na mara nyingine kijana arudi jioni. Siku hizi mama hakai gizani kwa sababu ya kukosa mtu wa kumtuma.

Sasa tuje kwenye ankara yenyewe, na hapa umeme na maji havifanani kabisa.

Ujumbe wa LUKU ni mfupi lakini umekamilika. Unakuambia umepata uniti ngapi, gharama ya umeme wenyewe ni kiasi gani, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) imechukua ngapi, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na kama siku hiyo imekatwa kodi ya jengo unaiona imeandikwa pembeni. Kodi hiyo ilipohamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021 ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Kwa mwenye nyumba kama mimi mchanganuo huu ni muhimu mno. Kodi ya jengo ni yangu mwenye nyumba, siyo ya mpangaji, lakini inakatwa kwa yeyote atakayenunua umeme wa kwanza mwezi huo. Mpangaji wangu wa mbele ananionyesha ujumbe, naona 1,500 imekatwa, nampunguzia kwenye pango. Hatuna ugomvi. Ujumbe umesema kila kitu, na sote wawili tunausoma sawasawa.

Ujumbe wa maji niliokuwa nikiupata mimi haukuwa hivyo. Ulikuja na salamu kwa ndugu mteja, jina la mwezi, jumla ya deni, namba ya kumbukumbu na tarehe ya mwisho ya kulipa. Basi. Usomaji wa mwezi uliopita haupo, wa mwezi huu haupo, uniti hazipo, na kama ndani ya jumla hiyo kuna deni la nyuma hujui ni kiasi gani. Ankara ya karatasi tuliyokuwa tukiipokea kutoka mamlaka hiyo hiyo ilikuwa na vyote hivyo, pamoja na safu ndogo ya matumizi ya miezi iliyotangulia. Kwa nini kuhama kutoka karatasi kwenda simu kulilazimu vitu hivyo vidondoke njiani? Simu ina nafasi. Ujumbe wa umeme umethibitisha.

Na athari yake niliiona haraka ndani ya nyumba. Enzi za karatasi, ankara ya maji nilikuwa nikiibandika ukutani kwenye korido, karibu na mlango wa kwenda uani. Kila mtu akipita anasoma. Wanahesabu wenyewe: nyumba ina watu wangapi, kila chumba kitoe ngapi. Karatasi ile ilikuwa ya nyumba nzima. Ujumbe wa simu ni wa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mwenye kudai fedha. Nilipoanza kusema tu kwamba mwezi huu maji ni kiasi fulani, nikaanza kusikia maneno ya chini chini. Mama mmoja mpangaji, mtu wangu wa karibu na mwenye heshima zake, akaniuliza waziwazi: “Dada, hiyo hela umeihesabu wewe au wameihesabu wao?” Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningeuliza hivyo hivyo.

Kwa hiyo nikaanza utaratibu wangu, na ninaupendekeza kwa yeyote mwenye dira ya pamoja. Karibu na tarehe ambazo msoma mita hupita, napiga picha dira ya maji, namba zikionekana vizuri. Naituma kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Ujumbe wa bili ukiingia nao nautuma ulivyo, bila kuuandika upya. Wapangaji wenye simu za kitochi nawaandikia kwenye kipande cha karatasi na kuwapa. Kisha tunatoa namba ya mwezi uliopita kwenye namba ya mwezi huu, tunapata uniti. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ukimwambia mtu nyumba imetumia uniti 30 haimgusi, lakini ukimwambia ni ndoo 1,500 anaelewa mara moja, na anaanza kuuliza nani anafua kila siku na nani anaacha bomba wazi.

Utaratibu huo ndio uliotuokoa na mvujo. Mwezi mmoja bili ilipanda ghafla. Kwenye ujumbe hakukuwa na chochote cha kuonyesha kama ni matumizi, deni la nyuma, au kosa la usomaji. Nilipokwenda ofisini niliambiwa nilipe kwanza halafu nilete malalamiko. Niliporudi tukafanya jaribio ambalo fundi yeyote wa mabomba atakuambia: funga mabomba yote ya nyumba, hakikisha tangi limejaa na boya limefunga, halafu angalia kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa dira. Kama kinaendelea kuzunguka, maji yanapotea baada ya dira, na hayo unalipia wewe. Kilikuwa kinazunguka. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya ardhi kati ya dira na choo cha uani. Ankara yenye safu ya matumizi ya miezi iliyopita ingetuonyesha uniti zinapanda kidogo kidogo kabla hazijalipuka. Hii ndiyo kazi ya ankara. Siyo kudai fedha tu, ni kumwambia mteja kinachotokea ndani ya nyumba yake.

Sisemi karatasi ilikuwa malaika. Nyingi zilichomekwa kwenye geti zikalowa mvua, nyingine zilichukuliwa na watoto, na zipo zilizofika baada ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Zile zinazotoka kwenye mashine ndogo ya mkononi, za karatasi laini inayochapwa kwa joto, hazidumu. Ukiiacha kwenye pochi au karibu na dirisha miezi kadhaa maandishi yanafifia hadi hayasomeki. Kama bado unapokea za aina hiyo, zipige picha siku ile ile unayozipata.

Lakini na simu nayo ina upotevu wake. Ujumbe ukifutika au simu ikiibwa, kumbukumbu za malipo zinaondoka nayo, isipokuwa zile utakazokwenda kuziomba. Na namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ya maji inaweza kuwa ya marehemu, ya mwenye nyumba wa zamani, au laini iliyokaa bila kutumika hadi ikafungwa na kupewa mtu mwingine. Jirani yangu alikuwa akishangaa hapati bili, kumbe zilikuwa zikienda kwa mtoto wa mwenye nyumba aliyehama. Maji yalikatwa akiwa hana taarifa. Karatasi ingalau ilifuata nyumba.

Kuhusu matapeli, wanajua tumezoea kupokea bili kwa ujumbe. Bili ya taasisi ya umma inalipwa kwa namba ya kumbukumbu, kamwe fedha yake haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Kwenye programu ya benki ninayotumia, ukiingiza namba ya kumbukumbu unaona jina la taasisi na kiasi kabla ya kuthibitisha. Soma jina hilo kila mara, hata kama una haraka. Ukipata ujumbe wa utapeli, namba yake inaripotiwa bure kupitia 15040.

Benki nitaigusa kwa ufupi. Taarifa ya akaunti kwa barua pepe ni nzuri: inakuja yenyewe, unaitafuta kwa tarehe, hailiwi na mchwa. Tatizo linaanza siku unapoombwa kuipeleka mahali. Niliomba mkopo kwenye taasisi moja ya fedha, nikapeleka taarifa niliyoichapa steshenari, ikakataliwa kwa kuwa haina muhuri wa benki. Nikarudi benki, nikapanga foleni, nikalipia kurasa zile zile nilizokwisha kuwa nazo ili zigongwe muhuri. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu mwaka 2015, inayotambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini kwenye madirisha mengi bado muhuri ndio unaoaminiwa. Mwananchi analipia pande zote mbili.

Makato ya kulipa bili kwangu si mzigo mkubwa ukilinganisha na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Ila nimejifunza kutolipa bili ndogo ndogo kwa vipande, maana makato hujirudia kila unapolipa. Nakusanya za wapangaji wote kwanza, kisha nalipa mara moja. Na sisubiri siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo ndiyo mifumo hulemewa.

Hatimaye nimepata nilichokuwa nakitafuta, na nilikipata kwa kuuliza tu. Nilipokwenda kwenye dawati la huduma kwa wateja la mamlaka yetu ya maji kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti, nilimuuliza dada wa pale kama kuna namna ya kupata ankara kamili bila karatasi. Akasema ipo, kwa barua pepe, ila wengi hawaiombi. Akaniandikisha pale pale. Sasa inakuja ikiwa na usomaji wa awali na wa sasa, uniti, deni la nyuma na matumizi ya miezi iliyopita. Hakuna tangazo lolote nililowahi kuliona kuhusu huduma hiyo, na hilo wangelirekebisha kesho wakitaka: mstari mmoja tu mwisho wa ujumbe wa bili ungetosha. Mpaka hapo, nenda kaulize kwenye mamlaka ya mji wako. Chukua namba ya akaunti, kitambulisho, na picha ya dira uliyoipiga asubuhi hiyo, ili wakikufungulia akaunti kwenye kompyuta ulinganishe usomaji wao na wako mkiwa wote mmesimama hapo.