Tahadhari: "fundi" wa viko anayepaka rangi nyufa na kuuza spiriti kama dawa

Nawaandikia wavutaji wa kiko, na hasa wale waliorithi viko vya wazee wao, kuwatahadharisha kuhusu mtu anayejitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kuwa ni fundi wa kusafisha na kukausha viko, na ambaye pia huuza chupa ndogo za kile anachokiita dawa ya kiko. Simtaji jina, kwanza kwa sababu majina anayoyatumia ni zaidi ya moja, na pili kwa sababu suala hili nimekwisha kulifikisha polisi. Ninachotaka ni kazi yake ijulikane, ili mtu aitambue hata akibadili jina kesho.

Kiko nilichompa kilikuwa cha marehemu baba. Kilitengenezwa Arusha, enzi zile viko vilipochongwa huko kutokana na mirishamu ya Sinya, Longido, upande wetu wa bonde la Amboseli. Wakubwa wataikumbuka alama yake ya tembo. Mirishamu ni jiwe jeupe, jepesi, lenye vinyweleo vingi mno, na ndiyo maana hupendwa: hunyonya unyevu na utomvu wa tumbaku, moshi ukafika mdomoni ukiwa mkavu. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayolifanya lisifae kulowekwa, kwa kuwa kimiminika kikiingia humo huchelewa kutoka, na jiwe lenyewe likilowa hulainika kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Mtu anayejiita fundi angepaswa kulijua hilo kabla hajakigusa.

Nilikituma kwa basi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, nikalipa shilingi 35,000 kwa simu, na baada ya siku nne kikarudi kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ndani ya kichwa chake, panapotiwa tumbaku, mlikuwa meusi tititi, laini, bila hata chembe ya ukoko wa tumbaku iliyoungua. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikapitisha kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, kikatoka na weusi wa rangi, si wa masizi, kwa maana masizi huacha unga na hii iliacha utando. Nilipoendelea kufuta ndipo ulipojitokeza ufa mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni na kuteremka karibu hadi kwenye tundu la moshi. Ufa huo haukuwapo. Nilipompigia alinieleza mwenyewe, tena kwa kujisifu, kwamba hukiloweka kiko usiku kucha katika dawa yake, kisha hukianika juani saa sita mchana "kikauke mara moja". Kuhusu rangi alikata simu.

Mdomo wa kiko nao ulikuwa na ulaghai wake. Mdomo wa eboniti, yaani mpira uliokazwa kwa salfa, huwa na tabia ya kugeuka rangi ya kahawia au kijani kwa mwanga na unyevu, na tiba yake ni kuusugua taratibu kwa msasa laini hadi weusi urudi. Yeye aliupaka vanishi juu ya uchafu uleule. Nilipouweka mdomoni vanishi ikabanduka, ikabaki ulimini.

Sasa hiyo dawa. Chupa ya mililita 100 huiuza shilingi 18,000, ikiwa na lebo nzuri ya kuchapishwa. Nilipoifungua, harufu ilinirudisha utotoni, baba akiwasha karabai. Nikaidondoshea pamba, nayo ikageuka zambarau hafifu. Ni spiriti ya kuwashia moto, ile inayopatikana dukani kwa bei ndogo, ambayo hutiwa methanoli makusudi ili watu wasiinywe. Methanoli ikinywewa hupofusha macho na kuua, na huyu bwana anaitia ndani ya kitu ambacho mtu atakiweka mdomoni.

Ukitaka kumtambua yeye au mwenzake, msikilize anavyozungumzia muda. Anayekuahidi kiko kikavu kwa saa moja hakijui kiko. Baada ya kuvuta, kiko huachwa kipoe kabisa kabla ya kuchomoa mdomo, kwa sababu ukiuchomoa kikiwa na joto shingo yake huweza kuvunjika. Majivu humwagwa, waya laini uliovikwa nyuzi za pamba hupitishwa kwenye tundu hadi utoke mkavu, kisha kiko hupumzishwa kivulini, penye hewa, kwa muda usiopungua siku nzima. Kwetu pwani, wakati wa masika, mimi huhesabu siku mbili. Kiko cha mti, ambacho kwa kawaida hutokana na kifundo cha mzizi wa kichaka cha Mediterania kiitwacho Erica arborea, huachiwa ukoko mwembamba, unene wa sarafu, ili moto usiule mti. Cha mirishamu hakiachiwi ukoko. Hufutwa kwa karatasi kila mara. Pombe kali isiyo na rangi, ile inayofaa kunywewa, inaweza kutumika kwa kiko cha mti: pamba iliyoloweshwa hujazwa ndani ya kichwa na kulazwa usiku mmoja. Kwa mirishamu, hapana.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, mwombe picha ya ndani ya kichwa cha kiko alichokwisha kukisafisha, imulikwe kwa tochi. Huyu nilipomwomba kwa namba ya simu ya mpwa wangu, ambayo hakuijua, alituma picha za nje tu, tano, zote zinang'aa. Nilipomsisitizia akanifungia mawasiliano.

Waliokwisha kumpa viko wavidai virudi kabla havijalowekwa, hata kama pesa hairudi. Walionunua ile chupa wasiitumie kwa kiko, na wasiiweke karibu na jiko. Changu nimekiweka dirishani, kivulini, mdomo umechomolewa. Leo ni siku ya kumi na nne, na pamba ninayoipitisha bado inatoka na ule uzambarau.