Vikao vya kuongea kwa wahudumu wa afya na wanaouguza nyumbani, nimehudhuria miezi 8

Nawapa nyota 4 kati ya 5, ile moja niliyobana nitaieleza huko chini.

Mi ni nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, alafu nikitoka kazini namkuta mama yangu kitandani, alipata kiharusi na upande wa kulia haufanyi kazi kabisa, kwa hiyo wodini nageuza wagonjwa kila baada ya masaa mawili na nyumbani namgeuza mama. Nilifika mahali nikawa namgeuza bila hata kumsemesha, kama nahamisha mzigo tu, na hilo ndo lilinitisha nikajiandikisha.

Huduma yenyewe ni kikao cha saa moja kila wiki mbili. Wanakuja manesi, madaktari, watu wa usafi wodini, na watu wanaouguza ndugu zao nyumbani, wote kwenye duara moja, na mshauri nasaha mmoja anaongoza. Sheria mbili tu, ya humo hayatoki nje, na hakuna kumpa mwenzako ushauri. Hii ya pili mwanzoni niliiona ya ajabu maana sisi tumezoea mtu akieleza shida yake unamrukia na suluhisho, ila nikaja kuelewa kwamba suluhisho mara nyingi ndo njia ya kumnyamazisha mtu. Anayetuongoza alituambia mtindo huu umefuata vikao vilivyoanzishwa Marekani kwa ajili ya Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, ambaye alipokuwa anaumwa aliona wema wa wahudumu ulivyomsaidia akataka wema wa namna hiyo uendelezwe hospitalini.

Kuna siku nesi mmoja alieleza usiku aliofiwa na mgonjwa, kabla hajakaa chini akatoa shuka, akafuta godoro, na dakika kumi baadae akapokea mgonjwa mwingine kitanda kilekile. Akasema shuka ilikuwa bado ina joto. Basi. Chumba kizima kimya, hakuna aliyesema jikaze wala piga moyo konde. Alafu kaka mmoja wa usafi akasema, sista, mi ndo nilikuwa napiga deki usiku ule, nilikuona umesimama na ile shuka mkononi nikakosa la kukwambia. Yule dada alilia sana jamani, na mi nikalia, na wodini siku hizi wale wawili wanasalimiana kama ndugu.

Kazini kwangu kwa zamani tulipewa apu ya kutafakari na semina ya kuvuta pumzi. Kuvuta pumzi sio kubaya, mpaka leo nafanya kwenye korido kabla sijaenda kuongea na ndugu wa mgonjwa, ila mkiwa manesi wawili kwa wagonjwa sita mahututi hiyo pumzi haiongezi nesi wa tatu. Hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipoueleza huu uchovu wa kazi (burnout) kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, halikuuita ugonjwa, lilisema unatokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Kwa hiyo mtu akiambiwa ajifunze kuwa mvumilivu zaidi anaonewa kabisa.

Na tusichanganye mambo, kikao sio matibabu. Mganga hajigangi, kama usingizi umekata wiki na wiki au unawaza kufa, usisubiri duara, tafuta msaada wa daktari siku hiyohiyo. Mwenzetu mmoja aliitwa pembeni na anayeongoza kikao, akapelekwa kwa daktari, akapumzishwa kazi, sasa hivi amesharudi.

Sasa ile nyota. Mwanzoni kikao kilikuwa saa 2 asubuhi, yaani umetoka shifti ya usiku unakuja kusinzia kwenye kiti, na wale wa nyumbani walikuwa hawaji kabisa maana mgonjwa unamwacha na nani? Tukalalamika, wakahamishia saa 8 mchana ndani ya muda wa kazi na mtu wa kukukava anawekwa, na wanaouguza nyumbani wanaletewa mtu wa kukaa na mgonjwa. Hapo ndo watu walianza kujaa. Ila huyo mtu lazima umwombe wiki nzima kabla, na anayeuguza hajui hata kesho itakuwaje. Wa usiku nao bado wanakuja siku yao ya ofu. Warekebishe hayo mawili nyota ya tano ni yao.

Mara ya mwisho waliniletea dada mmoja mtaratibu. Niliporudi nikakuta amemsogeza mama hadi dirishani, amemwekea mto chini ya ule mkono wa kulia, wamekaa wanaangalia watu wanavyopita. Miaka miwili hii sijawahi kuwaza kumsogeza dirishani.