Jino moja la kauri, kugandishwa mara mbili: uzoefu wangu hapa Mtwara

Nilianguka na bodaboda kwenye barabara ya Mikindani nikapoteza jino moja la mbele la juu, lile lililo pembeni mwa yale makubwa mawili ya kati. Kwa miaka miwili nilivaa jino la plastiki la kuvua usiku, ambalo bamba lake lilifunika kaakaa, hivyo kila nilipotamka neno lenye herufi s wanafunzi wangu walitazamana. Kipandikizi cha skrubu ndani ya mfupa kilinishinda bei, na daraja la kawaida lingetaka meno mawili mazima ya jirani yachongwe, jambo ambalo sikuliafiki.

Nikachagua jino la zirkonia, aina ya kauri ngumu, lenye bawa moja jembamba, linalogandishwa nyuma ya jino jirani bila kulichonga sana. Niliuliza kwa nini mabawa yasiwe mawili, nikaelezwa kuwa kila jino hutikisika kivyake wakati wa kutafuna, na bawa moja likibanduka huku la pili likishikilia, mwenyewe hajui mpaka jino lililo chini yake limeanza kuoza.

Vipimo vilipelekwa Dar es Salaam, jino likarudi, likapendeza. Wiki ya tano likatoka nikila muhogo, tena wa kuchemsha.

Kliniki hiyo siitaji. Nilihamia kwa daktari mwingine, ambaye hakuona haja ya kutengeneza jino jipya. Aligundua kwamba gundi yote ilibaki kwenye jino langu, ilhali upande wa bawa unaogusa jino ulikuwa laini kama kigae, maana yake gundi haikuwahi kuishika kauri. Zirkonia haina kioo ndani yake, kwa hiyo asidi inayokwaruza kauri nyingine haiifanyi kitu; hupulizwa vumbi laini la alumina kwa hewa ya nguvu, kisha hupakwa dawa yenye kiambata cha fosfati kiitwacho MDP, ambacho ndicho kinachoiunganisha na gundi. Alilijaribisha kwanza kinywani ndipo akalipuliza, kwa kuwa zirkonia ikishaguswa na mate haishikiki vizuri. Kisha akayazungushia meno yangu karatasi ya mpira ili mate yasifike, akapaka asidi ya fosforiki kwenye jino la kushikia, akaosha, akakausha hadi likawa jeupe kama chaki, akagandisha na kumulika taa. Kliniki ya kwanza waliniwekea pamba tu.

Huu ni mwezi wa 14 na halijatikisika. Kasoro ni rangi, kwani limezidi weupe kidogo kuliko wenzake, na gharama, iliyomeza fedha zote za msimu mmoja wa korosho za shamba letu la Nanguruwe. Anayetaka huduma hii aulize mapema kama bawa litapulizwa vumbi na kama kuna mpira wa kuzuia mate. Daktari akishangaa swali, aende kwingine. Mimi nimekatazwa kumenya miwa na kubangua korosho kwa meno ya mbele, na la miwa nimelitii.