O tatu za KOROSHO: fonti hii imenikosha, ila ng' yake!

Wakuu, salama? Karibuni tena, hapa ni Shangani, Mtwara. Leo nina fonti, yaani mtindo wa herufi, ya vichwa vya habari, nene, imepindapinda kama maandishi ya mtoto aliyeachiwa brashi. Jina lake lipo hapo chini ya video. Kuisakinisha mnajua, tunaruka.

Tazama. Naandika KOROSHO, nakuza mpaka ijae skrini. O ya kwanza imeegemea kushoto, tumbo limeshuka chini. Ya pili imesimama wima, tundu lake dogo. Ya tatu, cheki hapo juu, brashi haikukutana kabisa, kuna upenyo. Na sijachora kitu mimi! Fonti ina O kadhaa ndani yake, inazibadilisha yenyewe kadiri unavyoandika. Ngoja niandike KARANGA. Eeh! A tatu, kila moja na miguu yake. Kiswahili irabu zinajirudia kila hatua, sasa fonti ya mkono ikikuletea O pacha tatu kwenye neno moja, nani ataamini umeandika kwa mkono?

Ndiyo maana fonti ya Comic Sans sina hamu nayo. Vincent Connare aliichora Microsoft mwaka 1994 akiwaza maneno ya mbwa wa katuni, sisi tukaipeleka kwenye kadi za mchango wa harusi. Fonti ya Lobster ya 2010 nzuri, siikatai, lakini jamani, kila mgahawa?

Haya, kinachoniudhi. NG'ONDA. Ona hiyo ritifaa! Imenenepa, imejitengea uwanja wake, neno limekatika katikati: NG, halafu ONDA. Kwa Lindi na Mtwara ng'onda, samaki wa kukausha, ni biashara ya watu, bwana. Inabidi nivute herufi moja moja kwa kidole. Hapo fonti nimeishusha alama kabisa… ingawa nikirudi kwenye zile O, moyo unalainika.

Bei sasa. Kuichezea bure, ila ukiibandika kwenye pakiti ya kuuza unalipia leseni. Mteja wangu wa korosho za kukaanga nilipomtajia, aliguna tu. Kama mfuko umetoboka, nenda Google Fonts uchukue Caveat ya Pablo Impallari, huyohuyo wa Lobster. Bure hata kwa biashara, na herufi zake nazo zinabadilika kufuatana na zilipokaa kwenye neno. Tatizo nyembamba, kwenye bango la barabarani inapotea.

Kabla sijasahau: kuanzia mwezi ujao video zinahamia Alhamisi. Msimu wa korosho unaanza, lebo zinanifunika. Ambaye hajajiunga na chaneli, kengele ile pale.

La mwisho, muhimu: kuna programu moja ya simu nimeijaribu, O zote zikatoka pacha. Kwenye kompyuta zikawa sawa. Kwa hiyo ichezee kwanza fonti hii bure kwenye programu yako, andika KOROSHO, angalia O zako, ndiyo ufikirie kulipa. Zikitoka pacha, niandikie kwenye maoni unatumia programu gani.