Duka la pembejeo la Muheza linaloanza kwa kuuliza hali ya mchungwa

Duka la pembejeo lililo jirani na stendi ya Muheza linastahili sifa kwa jambo ambalo wauzaji wengi wa mbolea mkoani Tanga hawalifanyi: halimpimii mkulima wa machungwa kitu chochote kabla ya kumwuliza miti yake imefikia hatua gani. Dada anayeuza hapo hutaka kujua kama michungwa imepumzika, imeanza kuchipua, imechanua, au imekwisha kutunga vitunda vya ukubwa wa gololi, na jibu la mkulima, wala si tarehe ya siku hiyo, ndilo linaloamua ni mfuko upi utakaoshushwa.

Utaratibu huo una msingi. Katika nyanda zetu za pwani hakuna baridi ya kuuamsha mchungwa. Kinachouamsha ni ukame unaofuatwa na mvua, na ndiyo maana vuli ikishika mwezi Oktoba au Novemba, mti uliokaa na kiu hutoa majani mapya na maua kwa wakati mmoja. Hapo mahitaji ya naitrojeni hupanda sana, kwa kuwa machipukizi, maua na vitunda vichanga vyote huigombania. Ushauri wa duka ni kwamba mbolea ya CAN, yaani ile yenye naitrojeni na kalsiamu, itiwe mara tu mvua za kwanza zinapolowesha udongo, izungushwe chini ya ukingo wa matawi palipo na mizizi myembamba inayolisha mti, na isirundikwe shinani. Urea nayo inauzwa hapo, na ina naitrojeni nyingi zaidi, asilimia 46, lakini muuzaji huonya kwamba ikiachwa juu ya udongo wenye joto bila kufukiwa wala kupata mvua ya kutosha, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia. Nimefurahi kusikia onyo hilo likitolewa na mtu ambaye angeweza kunyamaza akauza.

Matunda yakishajishika na kuanza kujaa, maelekezo hubadilika: naitrojeni hupunguzwa na potashi hupewa nafasi, kwa sababu mti wenye upungufu wa potashi huzaa machungwa madogo. Naitrojeni nyingi inayotiwa wakati tunda linakaribia kuiva hunenepesha ganda na kuchelewesha kuiva, na mnunuzi anayekuja na lori shambani hulipa bei ya chini kwa chungwa la namna hiyo. Kuhusu fosforasi maelezo ni mafupi na yanatosha: haisafiri sana udongoni, hivyo ichanganywe na samadi na kufukiwa.

Kasoro zipo, na nazieleza kwa sababu duka hili lina uwezo wa kuziondoa. Ratiba iliyobandikwa ukutani inaichukulia michungwa yote kuwa ya aina moja, ilhali Valencia huchelewa kuiva kiasi kwamba matunda ya msimu uliopita yanaweza kuwa bado mtini maua mapya yanapofunguka. Mkulima wa Valencia akiifuata ratiba hiyo neno kwa neno atalisha maua huku akiharibu matunda. Miche michanga pia haikutajwa, nayo huhitaji kiasi kidogo kinachorudiwa mara kwa mara wakati wa mvua. Tena mifuko ya CAN hufunguliwa ili kuuza kwa kilo, jambo linalowafaa wenye miti michache, lakini mbolea hiyo hufyonza unyevu wa hewa ya pwani haraka na kugandamana, kwa hiyo ingefaa ihifadhiwe katika ndoo zenye mifuniko. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hakuna anayeelekezwa kupima udongo, ingawa kituo cha utafiti cha Mlingano, chenye jina kubwa katika masuala ya udongo, kiko wilaya hii hii.

Anayekwenda dukani hapo achukue kitawi chenye majani ya zamani na mapya pamoja. Upungufu wa magnesiamu huonekana kwenye majani ya zamani, yanayogeuka manjano na kubakiza pembetatu ya kijani karibu na kikonyo, ilhali upungufu wa zinki hujitokeza kwenye majani mapya, yanayokuwa madogo, membamba na yenye manjano kati ya mishipa. Muuzaji anazitofautisha dalili hizo vizuri, na dawa ya zinki ya kunyunyizia humwuzia mkulima pale tu majani mapya yanapokuwa yametanuka lakini hayajakomaa.